Bibi harusi, usione haya kupika makande

Mnaoolewa Upare, Kighare na kwengineko, nawaomba msiyaache makande eti kwa kuwa ni chakula cha kishamba. Sisi wa visiwani tuna biriani letu na silikatai, lakini mahindi na maharage yaliyochemka pamoja yana nyuzinyuzi nyingi kuliko mkate mweupe na soseji. Tumbo haliwezi kuzisaga, basi bakteria wa utumbo mpana huzila na kutoa asidi zinazosaidia kutuliza uvimbe wa ndani kwa ndani. Uvimbe huo hauumi wala hauonekani, ila ukidumu miaka huandamana na kisukari na maradhi ya moyo, yale tunayoyaita ya uzeeni.

Aprili 2025 jarida la Nature Medicine lilitoa utafiti uliofanywa mkoa huo huo wa Kilimanjaro, na watafiti wa KCMC Moshi na Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi. Vijana 77 wenye afya walishiriki. Waliozoea chakula cha asili walipewa cha kizungu kwa wiki 2, na damu yao ikaonesha uvimbe kuongezeka na kinga kulegea. Waliotolewa kwenye cha kizungu wakapewa cha asili, uvimbe ulipungua, na baadhi ya mabadiliko yalikuwepo hata wiki 4 baadaye. (Kundi jengine lilinyweshwa mbege. Hiyo si yetu, wala hatuihitaji.)

Lakini wote walikuwa wanaume! Mwenye mimba, mwenye kunyonyesha, aliyekoma hedhi, hakuna aliyepimwa, na sisi ndio tunaosimama jikoni. Wala wiki 2 hazithibitishi kwamba mtu hatougua akifika miaka 60. Kwa hiyo anayekuuzia vidonge vya kuzuia uzee kwenye WhatsApp, mwulize yeye kampima nani. Na mwenye kisukari asiache dawa zake kwa sababu ya sahani ya makande.

Tumeamrishwa kula kilicho halali na kilicho kizuri, na naona hilo la pili tunalisahau tukishaona nembo ya halali kwenye pakiti ya soseji.

Roweka maharage usiku kucha, mahindi yasikobolewe sana, chumvi kidogo, mchicha pembeni. Mama mkwe wa Kipare anayajua kuliko mimi. Mwombe akufundishe kabla fungate haijesha.