Nchi ya watu wachache si nchi tupu

Katika safu yetu ya kuijua nchi yetu, juma hili hatuendi mbali. Tunabaki nyumbani: Kamina na vijiji vyake, ndani ya jimbo letu la Haut-Lomami.

Mtu anayepita hapa kwa treni, akitoka Lubumbashi kwenda Mwene-Ditu, anatazama dirishani na kuona majani, miti hapa na pale, kisha majani tena. Kijiji kimoja, halafu mwendo mrefu bila moshi wa jiko. Akifika kwake anasema: «Kule ni pori tupu, hakuna watu.» Neno hilo tumelizoea, hata sisi wenyewe tunalisema. Lakini tulipime vizuri, maana ni neno linaloweza kumnyang'anya mama shamba lake.

Tuanze na hesabu. Jimbo letu lina ukubwa wa kilometa za mraba 108,204, na teritwari tano: Kamina, Kaniama, Kabongo, Bukama na Malemba-Nkulu. Makadirio mengi ya idadi ya watu yanazunguka milioni 3. Ukigawanya, unapata kama watu 28 kwa kila kilometa ya mraba. Rwanda, ambayo inaweza kuingia mara nne ndani ya jimbo letu, ilihesabu watu zaidi ya milioni 13 mwaka 2022. Mahali ambapo sisi tuko 28, wao wako kama 500.

Na hao 28 hawakai sawasawa. Wengi wako kando ya mto Lualaba na maziwa ya Upemba na Kisale, kwenye samaki. Wengine wako mijini na kando ya reli. Huku juu kwenye majani, kutoka kijiji hadi kijiji ni safari, na mama mjamzito anayetafuta kituo cha afya anaijua safari hiyo kuliko mtu yeyote.

Nimesema makadirio kwa sababu hesabu ya mwisho ya watu wa Kongo nzima ilifanywa mwaka 1984. Mtoto wa kike aliyezaliwa mwaka ule anaweza kuwa na wajukuu leo. Tangu wakati huo tunakadiriwa tu.

Sasa, kwa nini tuko wachache? Sababu moja ni udongo wenyewe. Anayelima kwa jembe bila mbolea anajua kwamba shamba la savana linachoka upesi. Unapanda mahindi, karanga na mihogo, mavuno yanapungua, unaliacha lipumzike na majani yanarudi. Tuseme shamba linalimwa miaka 3, linapumzika miaka 9. Basi mama huyo anahitaji vipande vinne ili asikose chakula maisha yake yote. Kimoja kina mahindi, vitatu vina majani. Mpita njia anaona shamba moja na pori tatu. Mama anaona mashamba manne: la mwaka huu, na mengine matatu yanayosubiri zamu yao.

Na majani hayo hayakai bure. Kiangazi tunakata ya kufunika nyumba. Mvua za kwanza zikinyesha, tunaokota uyoga, na viwavi vya kula vinapatikana mitini. Kuni zinatoka huko, dawa za mizizi zinatoka huko, asali inatoka huko, na makala yanayolipa karo ya shule yanatoka huko pia. Ukiuliza «pori» linamlisha nani, karibu kila nyumba itajibu.

Wazee wetu Waluba waliijua nchi hii bila ramani ya karatasi. Walikuwa na lukasa, ubao wa kushika mkononi wenye shanga, ambao watu wa chama cha Mbudye waliusoma kwa kidole, wakitaja wafalme, safari zao na mahali penye historia. Nchi iliyokumbukwa namna hiyo haiwezi kuitwa tupu.

Lakini iliitwa hivyo. Tarehe 1 Julai 1885, utawala wa mfalme Leopold II wa Ubelgiji ulitoa amri kwamba ardhi zisizokaliwa ni mali ya serikali. Hakuna mama aliyeulizwa kama shamba lake lililopumzika limekaliwa au la. Baadaye reli ilifika Bukama mwaka 1918, na mwaka 1928 ikakamilika hadi Ilebo ikipitia hapa Kamina. Mwaka 1939 ikatangazwa hifadhi ya wanyama ya Upemba. Baada ya vita ya pili ya dunia, Wabelgiji wakajenga kambi kubwa ya jeshi na uwanja wa ndege hapa Kamina. Kazi hizo zilileta mambo mengi, na reli imelisha nyumba nyingi. Ila kila mara, aliyepima ardhi aliona nafasi, na aliyeitumia alikuwa hayumo katika karatasi.

Jambo hili halikutokea Kongo peke yake. Marekani nayo ina nchi pana za majani. Wenyeji wake, kama Walakota na Wapawnee, waliishi humo na kuwinda nyati, na serikali ikaiona ardhi yao kama nafasi. Sheria ya mwaka 1862 iliwapa walowezi ekari 160 kila mmoja. Leo, katika nchi hizo hizo za majani, kuna wilaya ya McPherson, jimbo la Nebraska, yenye zaidi ya kilometa za mraba 2,200. Hesabu ya mwaka 2020 ilikuta watu 399. Ni wachache kuliko watu wa kijiji chetu kimoja kikubwa, lakini kila mmoja wao amehesabiwa, na hakuna anayeweza kusema wilaya yao haina watu. Kuwa wachache si hatari. Hatari ni kuwa wachache wasioandikwa.

Basi tufanye nini? Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema ardhi ni mali ya serikali. Lakini inatambua pia kwamba ardhi za wenyeji ni zile wanazokaa, wanazolima, au wanazotumia kwa namna yoyote kufuatana na desturi. Shikeni maneno hayo: «kwa namna yoyote». Uyoga umo, kuni zimo, shamba lililopumzika limo. Tena, kabla mtu hajapewa ardhi ya kijijini, sheria hiyo inataka uchunguzi ufanywe mahali penyewe: kuangalia mipaka, kuandika walio ndani, na kusikiliza wenye malalamiko. Siku hiyo mara nyingi wanaume peke yao wanakwenda kwa mfumu wa kijiji. Nasi twende. Tangu sheria ya familia ilipobadilishwa mwaka 2016, si mke peke yake anayepaswa kuomba ruhusa ya mume: mke na mume wanatakiwa kukubaliana katika mambo ya kisheria yanayowafunga.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Nawapa vikundi vyetu kazi mbili. Ya kwanza: siku ya likelemba, baada ya kuhesabu pesa, chukueni daftari. Kila mama ataje mashamba yake, hata yaliyopumzika, majina ya vijito vya mpakani, na mahali anapookota kuni na uyoga. Mpelekeeni mfumu nakala moja, nyingine ibaki na kikundi.

Ya pili: watoto. Kuandikisha mtoto ni bila malipo ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa. Zikipita, mambo yanakwenda mahakamani, na njia ya kwenda huko ni ndefu kwetu sisi tunaokaa mbali. Mama mmoja akienda mjini sokoni, aulize nani mwingine ana mtoto mchanga, waende pamoja.

Shamba lililopumzika na mtoto mchanga wana jambo moja sawa: hawawezi kujisemea. Tuwasemee mapema.

Juma jema, wamama.