Kipande cha ngozi kinachowakosesha usingizi wenye meza za pool

Yeyote anayecheza pool katika baa za mitaani anaifahamu fedheha hii. Mpira mweusi umekaa mdomoni mwa shimo, na atakayeshindwa ndiye atakayetia sarafu ya mchezo ujao. Mchezaji anainama, analenga, anasukuma. Fimbo inatoa mlio mkavu, inateleza, na mpira mweupe unakwenda upande. Watazamaji humcheka mchezaji. Ni wachache wanaoitazama ncha ya fimbo, ambako kipande cha ngozi chenye upana wa kifungo cha shati kilibanduka tangu wiki jana, ikabaki pete ya shaba tupu.

Kwa mchezaji, hasara ni ya sarafu moja. Kwa mwenye meza, hili ni suala la riziki. Meza nyingi za baa si mali ya mwenye baa. Huletwa na mtu mwingine, na mapato ya kisanduku cha sarafu hugawanywa baina yao. Fimbo zote zikiwa na vipara, wateja huhamia baa ya pili. Isitoshe, pete hiyo tupu huchana kitambaa cha meza, na gharama ya kutandika kitambaa kipya haina mfano na ile ya kipande cha ngozi.

Ngozi hiyo si pambo. Mwanzoni mwa karne ya 19, Mfaransa François Mingaud, aliyekuwa mwanajeshi na mfungwa, alitambua kwamba fimbo yenye ncha ya ngozi iliyoviringwa huushika mpira na kuuzungusha atakavyo mchezaji. Kabla ya hapo ncha ilikuwa mti mtupu. Chaki ya kisasa nayo ilisajiliwa na Wamarekani William Spinks na William Hoskins mwaka wa 1897, na kazi yake ni kuisaidia ngozi isiteleze. Bila ngozi, chaki haina pa kushika.

Hapo ndipo werevu wa mafundi wetu unapogonga mwamba. Wapo wanaobandika mpira wa tairi kuukuu. Huo hudunda na haushiki chaki. Wapo wanaokata soli ya kiatu. Ngozi ya soli ni ngumu mno, hung'aa upesi na kuteleza kama shaba yenyewe. Ngozi ya juu ya kiatu nayo ni laini kupita kiasi. Baada ya siku chache hutanuka kama uyoga na kufunika pete. Inayofaa ni ngozi iliyoshindiliwa, yenye ugumu wa wastani, au matabaka kadhaa ya ngozi nyembamba yaliyogandishwa kwa gundi na kubanwa pamoja hadi yakauke. Wajapani hutumia ngozi ya nguruwe kutengeneza ncha za aina hii ya pili, na huziuza ghali kwa wachezaji wa hali ya juu.

Je, matabaka hayo yanahitaji kiwanda? La. Katika soko la Kariokor jijini Nairobi, mafundi wa viatu na mikanda hutupa vipande vya ngozi kila jioni. Chuma kile kile cha kutobolea mikanda hukata duara la milimita 10, linalotosha fimbo nyembamba. Zile za Kimarekani huhitaji milimita 13. Kibanio cha seremala kinatosha kuyashindilia. Nakiri kwamba kazi hii haitafikia ubora wa Japani, lakini meza ya baa haiuhitaji.

Na ajabu ni kwamba tunalizungumzia jambo hili katika nchi yenye mamilioni ya ng'ombe. Tangu miaka ya 2000 serikali imetoza ushuru ngozi mbichi zinazouzwa nje, kusudi viwanda vya humu nchini vipate malighafi. Hata hivyo, sehemu kubwa ya ngozi yetu imeendelea kuondoka ikiwa imesindikwa nusu tu, ile ya rangi ya buluu itokanayo na chumvi za kromiamu. Hukamilishwa ng'ambo. Fundi wa Kariokor hubaki kugombea masalio, naye mwenye meza hununua ncha iliyovuka bahari.

Asiyetaka kuhangaika na masalio ana njia nyingine. Ncha za kawaida huuzwa kwa boksi la vipande 50, na bei ya kipande kimoja hushuka sana mtu anaponunua boksi zima. Wenye meza wachache wakichanga, boksi moja litawafaa kwa miezi. Kinachowagharimu wengi ni ubandikaji mbaya. Gundi ya zamani isipokwanguliwa kwa wembe, na uso wa pete usiposawazishwa kwa msasa, hata ncha bora itabanduka usiku huo huo. Fundi stadi huusugua pia upande wa chini wa ngozi, hutia tone moja tu la gundi kali, hubana, kisha huiacha fimbo hadi asubuhi.

Tatizo ni kwamba katika baa nyingi fimbo hubandikwa saa kumi na moja jioni, wateja wakiwa tayari wamesimama mlangoni.