Mchagua Jembe si Mkulima

Siku hizi imezuka imani mpya katika miji yetu, nayo ina wafuasi wengi kuliko inavyostahili. Imani hiyo yasema: kompyuta ikichelewa kufungua picha, nunua nyingine yenye nguvu zaidi. Wauzaji wanaihubiri kwa sababu inawalisha. Vijana wanaochora mabango na kadi za harusi wanaipokea bila kuuliza swali hata moja. Mimi naipinga. Nimefundisha walimu kwa miaka mingi, na najua hasara ya kutoa dawa kabla ya kupima ugonjwa.

Kwanza niwape wapinzani wangu haki yao. Chukua picha ya kamera yenye pikseli 6,000 kwa 4,000. Hizo ni pikseli milioni 24. Kila moja huhitaji baiti 3 za rangi, kwa hiyo picha ikifunguliwa hula baiti milioni 72. Mchoraji akipanga matabaka 10 ya ukubwa huo, amefika milioni 720, na bado Windows na programu yenyewe hazijachukua fungu lao. Kompyuta yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4 hufurika upesi. Ikifurika, mzigo humwagwa kwenye diski, na diski ya sahani inayozunguka mara 7,200 kwa dakika huchukua zaidi ya milisekunde 8 kumaliza mzunguko mmoja. Hapo ndipo mtu huenda kunywa chai, akarudi, akakuta picha haijafunguka. Huyo akiongeza kumbukumbu, au akaweka diski ya kisasa isiyo na sahani, ataona nafuu siku hiyo hiyo. Hilo silibishi.

Ninalobisha ni kununua gizani. Kila kazi ina mahali pake pa kukwama. Kisimani penye kamba moja, ndoo ya ishirini haiongezi maji. Mwaka 1967 mhandisi wa Marekani, Gene Amdahl, alieleza jambo la namna hii alipozungumzia kompyuta zenye prosesa nyingi, na hoja yake mtoto wa darasa la saba anaiweza. Tuseme bango huchukua dakika 60. Kati ya hizo, 50 ni za mchoraji kufikiri, kuchagua herufi na kupanga rangi. 10 ndizo za mashine kuhesabu. Nunua mashine yenye kasi maradufu: zile 10 zitakuwa 5, na bango litakwisha kwa dakika 55. Umelipa bei ya kompyuta nzima ili upate dakika 5.

Kuna kijana jirani yangu anayeishi kwa kadi na mabango. Muuzaji mmoja alimwambia kwamba mashine yake imezeeka, akapangiwa mkopo wa miezi kumi na minane. Alikuja na mama yake ili nimdhamini.

"Shikamoo, mwalimu. Nimeambiwa hii imekwisha kufa."

"Marahaba, mwanangu. Nani aliyeipima?"

Hakuna aliyeipima. Nikamwomba afungue kazi iliyomsumbua, kisha tukatazama ule ukurasa wa Windows unaoonyesha kila kifaa kinavyotumika. Kumbukumbu ilikuwa na nafasi, diski imetulia. Lakini mashine yenyewe ilikuwa ya moto kama pasi! Prosesa ikizidiwa na joto hujipunguzia kasi isije ikaungua. Fundi aliifungua, akatoa vumbi lililoziba feni, akapaka upya dawa ya kupitishia joto. Malipo yake hayakufika bei ya kuku wawili, na kijana angali anaitumia. Fikiri basi, ndugu msomaji: familia ile ilikuwa tayari kukaa na deni mwaka mmoja na nusu kwa sababu ya vumbi.

Tena mbio hizi hazina mwisho. Mwaka 1995 Niklaus Wirth wa Uswisi, aliyebuni lugha ya kompyuta iitwayo Pascal, aliandika kulalamika kwamba programu zinakuwa nzito upesi kuliko mashine zinavyopata kasi. Nguvu unayoinunua leo italiwa na toleo la mwaka kesho, nawe utarudi dukani na machozi yale yale.

Wataniambia kwamba sanaa kubwa hudai mashine kubwa. Na watazame filamu ya katuni iitwayo Flow, kutoka Latvia, iliyopata tuzo ya Oscar mwezi Machi 2025. Iliundwa kwa Blender, programu ya bure, kwa fedha kidogo mno zikilinganishwa na za studio za Hollywood. Hawakukodi ghala la kompyuta. Walichagua njia nyepesi ya kutoa picha, iitwayo EEVEE, na kazi hiyo ikafanyika kwenye kompyuta ya mwongozaji mwenyewe, Gints Zilbalodis. Waliijua kazi yao, wakaipangia njia inayolingana na chombo walichokuwa nacho.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Mimi nawaunga mkono nusu, maana jembe lililovunjika mpini halilimi. Ila mkulima wa kweli hutazama kwanza kama kilichovunjika ni mpini au bapa, naye hurekebisha hicho tu. Walimu wa kompyuta wawafundishe vijana upimaji huo kabla ya kuwafundisha majina ya mashine mpya. Na wazazi wanaoombwa mchango wa kununua kompyuta za shule waulize swali moja mkutanoni: katika hizi tulizo nazo, kilichojaa ni nini? Asiyeweza kujibu asipewe hata shilingi.