Simu Haitoshi Kulinda Lugha ya Nyumbani

Familia nyingi za Kivu zilizopitia kambi za Nyarugusu nchini Tanzania na Nakivale nchini Uganda leo zinaishi Marekani, Kanada na Australia. Huko watoto husoma kwa Kiingereza, na baada ya miaka michache Kiswahili huwa lugha ya kusikia tu: mama huuliza kwa Kiswahili, mtoto hujibu kwa Kiingereza. Bibi aliyebaki Uvira akipiga simu, mazungumzo huishia kwenye salamu. Mtoto huyo hajapoteza msamiati peke yake; amempoteza na bibi angali hai.

Wazazi hutafuta msaada katika simu hiyo hiyo. Duolingo ina kozi ya Kiswahili kwa wasemaji wa Kiingereza tangu mwaka 2017, na African Storybook hutoa bure hadithi za watoto katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwamo. Ni vifaa vyema. Hata hivyo, naamini kifaa hulinda lugha pale tu kinapomkutanisha mtoto na mtu.

Kwanza, lugha hukua kwa haja. Anayekusanya alama katika programu anaweza kuacha leo bila hasara yoyote. Anayesubiriwa na bibi amsimulie habari za shule ana sababu ya kutafuta neno. Ujumbe wa sauti unafaa sana hapa: haumlazimu bibi kujua kuandika, tofauti ya saa haiuzuii, na mtoto anaweza kuusikiliza mara tatu kabla ya kujibu.

Pili, programu hufundisha Kiswahili sanifu, ilhali nyumbani kwa wengi wetu husemwa “batoto”, si “watoto”. Mtoto akiona neno la bibi limehesabiwa kuwa kosa, ataanza kumwonea bibi aibu. Kiswahili sanifu tunakihitaji vitabuni na katika mitihani, nami nakifundisha kwa moyo wote. Lakini mtoto aambiwe kwamba kipo Kiswahili cha kitabu na kipo cha nyumbani, na vyote viwili ni vyake.

Wapo wasemao kwamba lugha mbili zitamchanganya. Sisi wenyewe tu ushahidi wa kinyume chake: wengi wetu huzungumza Kifuliiru, Kibembe au Kishi nyumbani, Kiswahili sokoni na Kifaransa darasani, wala hatujachanganyikiwa.

Jambo hili pia ni la haki. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 29, unataka elimu imkuzie mtoto heshima kwa wazazi wake, utamaduni wake na lugha yake. Katiba yetu ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa. Lakini hakuna kifungu kitakachozungumza na mtoto jioni. Hiyo ni kazi ya jamaa.

Nanyi mna sehemu yenu. Binamu yenu wa ughaibuni anapowaandikia, wengi hukimbilia kumjibu kwa Kiingereza ili kujizoeza. Yeye anacho Kiingereza kutwa nzima. Kiswahili huenda anakipata kwenu tu. Mjibuni kwa sauti, kwa Kiswahili, na mmuulize swali linalomlazimu kujibu.