Si Kila Mdomo Uliopinda ni Jini



Ndugu wazazi na wanafunzi, nitaanza na kosa langu mwenyewe. Siku moja baada ya Alasiri niliitwa hapa hapa Kamwokya nikamsomee kijana aliyekumbwa ghafla. Hajafika miaka 30. Mdomo umepinda, mkono wa kulia haunyanyuki, maneno hayatoki. Jamaa zake walishakata shauri kwamba ametupiwa mayembe. Nikakaa, nikasoma, mpaka Magharibi ikatukuta palepale. Na Mulago ni mwendo wa dakika chache tu kwa bodaboda!

Usiku alipofikishwa hospitali, ikaonekana ni kiharusi, na chanzo chake ni mshipa wa shingoni. Siku mbili nyuma alikuwa akilalamika shingo upande mmoja, tangu kinyozi alipomzungusha kichwa mpaka shingo ikalia.

Wengi wetu tunadhani kiharusi ni cha wazee wenye presha. Ubongo hupata damu kwa mishipa minne mikubwa ipitayo shingoni, miwili mbele na miwili nyuma. Watu husema mshipa "umekaza". Kukaza kupo, lakini ni nadra. Linalotokea zaidi ni ukuta wa ndani wa mshipa kuchanika: damu inaingia katikati ya ukuta, njia inakuwa nyembamba, donge la damu linaganda na kupanda ubongoni. Hesabu za hospitali za Ulaya na Marekani zinaonyesha kuwa hili ni asilimia 10 hadi 25 ya viharusi vya vijana na watu wa makamo. Sababu huweza kuwa ajali, kunyongwa shingo, au kuizungusha kwa nguvu, na mara nyingine hakuna sababu inayoonekana. Kwa watoto wetu wenye selimundu kiharusi kina njia yake nyingine, nao wasisahauliwe.

Sasa, wapo watakaosema ustadhi ameacha ruqya. Sikuiacha. Lakini katika Sunan Abu Daud imepokewa kwamba Saad bin Abi Waqqas alipougua, Mtume (s.a.w.) alimtembelea, akamwekea mkono kifuani, kisha akamwelekeza kwa Harith bin Kalada, tabibu wa Thaqif. Mkono wa Mtume mwenyewe umeshamgusa, na bado anaambiwa aende kwa tabibu! Mimi ni nani basi nimzuie mtu njia ya Mulago? Aya zinasomeka hata ndani ya gari.

Dawa ya kuyeyusha donge, pale inapopatikana, hutolewa ndani ya masaa manne na nusu tangu dalili zianze. Mimi nilikula karibu matatu. Kwa hiyo mwambie mgonjwa atabasamu, anyanyue mikono yote miwili, aseme sentensi moja. Kimoja kikishindikana, ondokeni, na mkumbuke saa ilipoanza. Msimpe aspirini nyumbani, maana kiharusi kingine ni cha kuvuja damu na mpaka apigwe picha ya kichwa hakijulikani. Na kijana akipata maumivu mapya ya shingo upande mmoja, pamoja na kope kulegea au kizunguzungu kikali, msingoje mdomo upinde.

Kijana wetu anatembea, alhamdulillahi. Mkono bado.

Na nyinyi vinyozi, nyoeni nywele, shingo za watoto wetu ziacheni.

Wabillahi tawfiq.