KABLA YA KUUZA NG'OMBE KWA AJILI YA UPASUAJI WA TUMBO

Leo nakuomba uache jembe kidogo, ukae kivulini, usome habari hii mpaka mwisho. Kama una mzazi mwenye ugonjwa wa sukari, msomee na yeye.

Hapa Susuni yupo mama mmoja ambaye jina lake silitaji. Ana umri wa miaka 49. Ameugua kisukari miaka sita. Magoti yanamwuma, usiku anakoroma sana, na kila siku anameza vidonge vya sukari na vya shinikizo la damu. Mwanawe aliyeko Dar es Salaam alipiga simu nyumbani. Akasema upo upasuaji wa kukata tumbo, na kwamba mama akikatwa atapungua na sukari itapona kabisa. Ukoo ukakaa kikao. Wakakubaliana ng'ombe sita wapelekwe mnadani. Ndipo mzee wa mji akaniita akasema, "Mwalimu, wewe husoma. Tueleze, hapa tunanunua dawa au tunanunua maneno?"

Nilimjibu kwamba wananunua dawa, lakini dawa yenyewe ina masharti ambayo kijana hakuyataja kwenye simu. Masharti hayo ndiyo nitakayoeleza leo.

Kwanza tufanye hesabu ndogo. Chukua kalamu. Mama huyu ana uzito wa kilo 105 na urefu wa mita 1.65. Zidisha 1.65 kwa 1.65, unapata 2.72. Sasa gawanya 105 kwa 2.72. Jibu ni 38 na kitu. Mtu mwenye afya hupata kati ya 18.5 na 25. Akifika 30 anahesabiwa kuwa ana unene wa hatari. Mwaka 2022 vyama vya madaktari wa upasuaji huu duniani vilishauri kwamba mtu aliyefika 35 anaweza kufikiriwa kufanyiwa, na mwenye kisukari anaweza kufikiriwa tangu 30. Kwa hiyo mama yetu yumo katika kundi hilo. Lakini mtu mwembamba mwenye kisukari asidanganywe na mtu yeyote kwamba upasuaji huu unamhusu.

Wapo watakaosema, "Haya ni mambo ya matajiri wa mjini, sisi wakulima yanatuhusu nini?" Sikubaliani nao. Utafiti wa taifa wa mwaka 2012, uliopima watu wa miaka 25 hadi 64, uliona kwamba katika kila watu 100 wa umri huo, 26 walikuwa na uzito uliozidi na 9 walikuwa na kisukari. Mjini ni wengi zaidi, ni kweli. Lakini soda imefika Susuni. Mafuta ya kupikia yamefika. Pikipiki imechukua nafasi ya miguu. Na bado tunamsifu mtu aliyenenepa kwamba "mambo yake mazuri", hata kama mguu wake una kidonda kisichopona.

Haya, turudi kwenye tumbo. Watu husema "upasuaji wa kupungua" kana kwamba ni kitu kimoja. Siyo kimoja. Na tofauti zake ndizo zinazoamua sukari itakwenda wapi.

Kuna lile puto. Mwaka 2022 Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila, ilianza kuwawekea watu puto tumboni. Puto hupitishwa mdomoni, hujazwa likiwa ndani ya mfuko wa chakula, na mtu hushiba upesi. Hakuna kisu. Baada ya miezi kadhaa hutolewa. Sukari hushuka kwa sababu uzito umeshuka, na uzito ukirudi, sukari nayo hurudi. Kwa maoni yangu puto ni kama kuazima ng'ombe wa kulimia: ukimaliza msimu lazima uwe umejifunza kulima kwa namna nyingine.

Kuna upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula. Daktari hukata na kutoa karibu robo tatu ya mfuko au zaidi kidogo. Kinachobaki ni bomba jembamba, umbo lake kama ndizi. Kilichokatwa hakirudishwi tena. Utumbo haukuguswa, chakula kinapita njia yake ya zamani. Sehemu iliyotolewa ndiyo inayotengeneza kwa wingi homoni ya njaa, kwa hiyo mgonjwa hukosa ile hamu kali ya kula.

Na kuna upasuaji wa kupitisha chakula njia ya mkato. Huu ulianzishwa na daktari Edward Mason huko Iowa, Marekani, mwaka 1966. Hapa hakuna kinachotolewa. Sehemu ya juu ya mfuko hutengwa iwe kifuko kidogo kuliko yai la kuku. Kisha utumbo mwembamba hukatwa na kuunganishwa na kifuko hicho. Chakula kinaruka sehemu kubwa ya mfuko na mwanzo wa utumbo.

Sasa sikiliza jambo la ajabu. Wagonjwa wengi wa njia ya mkato sukari yao huanza kushuka siku chache baada ya kukatwa, kabla hata hawajakonda. Daktari Walter Pories wa North Carolina alitangaza mwaka 1995 kwamba wengi wa wagonjwa wake wa kisukari walikuwa wamerudi kwenye sukari ya kawaida. Ilibidi watu wajiulize sababu. Sehemu ya jibu ni hii: chakula kikifika upesi sehemu ya chini ya utumbo, utumbo hupeleka taarifa kwa kongosho kwa njia ya homoni, na kongosho hutoa insulini zaidi. Utumbo, ndugu zangu, si bomba la kupitishia ugali tu. Unazungumza na mwili mzima. Upasuaji wa kupunguza mfuko nao huamsha taarifa hizo, ila kwa kiasi kidogo zaidi.

Je, upi unashinda? Huko Cleveland, Marekani, madaktari waliwagawa wagonjwa wa kisukari 150 katika makundi matatu, wakatoa matokeo ya miaka mitano mwaka 2017. Waliweka lengo gumu la wastani wa sukari. Katika kila wagonjwa 100 wa njia ya mkato, 29 walifikia lengo. Wa kupunguza mfuko, 23. Waliotibiwa kwa dawa peke yake, 5. Uzito wa wale wa kwanza ulipungua kwa asilimia 23, wa pili asilimia 19, wa tatu asilimia 5.

Tazama hesabu hizo vizuri. Dawa peke yake iko mbali nyuma. Hilo linamuunga mkono kijana wa Dar es Salaam. Lakini tazama pia kwamba katika wale 100 bora, 71 hawakufikia lengo. Hali ya wengi wao ilikuwa nafuu, walipunguza dawa, lakini hawakufika. Na Sweden ambako waliwafuata wagonjwa kwa miaka mingi, katika kila wenye kisukari 100 waliokatwa, 72 walikuwa huru baada ya miaka miwili, na 36 tu baada ya miaka kumi. Kwa hiyo neno "kupona kabisa" tulifute. Tuseme sukari imelala. Inaweza kuamka.

Kuna njia ya nne yenye nguvu kuliko zote, iliyotoka Italia, ambayo huruka sehemu kubwa zaidi ya utumbo. Katika utafiti mdogo wa Roma uliotangazwa mwaka 2021, nusu ya waliofanyiwa walikuwa bado huru na kisukari baada ya miaka kumi, na robo ya wale wa njia ya mkato. Lakini kadiri unavyoruka utumbo ndivyo unavyoruka chakula chenyewe. Hao hukosa protini na vitamini, hudhoofika. Zamani, kuanzia miaka ya 1950, walikuwepo waliorushiwa utumbo karibu wote. Walikonda kweli, na wengi waliharibika ini na kupata mawe ya figo. Upasuaji ule ukaachwa. Basi nguvu peke yake isitutamanishe.

Hapo ndipo penye masharti niliyoyasema.

Aliyepitishiwa njia ya mkato hafyonzi vizuri chuma, chokaa na vitamini B12. Anatakiwa kumeza vidonge vya vitamini na madini maisha yake yote, wengine huhitaji sindano ya B12, na damu yake ipimwe kila mwaka mpaka mwisho. Aliyepunguzwa mfuko naye humeza, ila hatari yake ni ndogo kidogo. Ukiacha, upungufu wa damu unakuja polepole, miguu inakufa ganzi, mifupa inalainika. Haya hayatokei wodini. Yanatokea nyumbani, mwaka wa tatu au wa tano, wakati kila mtu amekwisha sahau.

Kuna dawa za maumivu kama diklofenaki na aspirini ambazo tunazinunua dukani kama pipi. Mtu wa njia ya mkato akizizoea anaweza kupata kidonda cha tumbo kinachotoboka. Mama huyu ana magoti yanayouma. Atakuwa anameza nini? Pombe nayo huingia kwenye damu yake upesi na kwa nguvu. Mwanamke anayezaa bado asishike mimba kabla ya mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, na ajue kwamba akipungua anaweza kushika mimba kwa urahisi kuliko zamani. Na dawa za kisukari lazima zipunguzwe na daktari mara baada ya upasuaji. Akiendelea kumeza kipimo kile kile, sukari inaweza kushuka mno akazimia.

Chakula pia. Atakula kidogo kidogo, ataanza na samaki, dagaa, mayai au maharage, na ugali utafuata ukiwa kiasi cha kiganja. Hapo nina wasiwasi na sisi wenyewe kuliko daktari. Atakapokwenda msibani, tutamwambia, "Mama, mbona huli? Umechukia chakula chetu?"

Upasuaji wa kupunguza mfuko nao una lawama yake, nayo ni kiungulia. Uswisi walilinganisha njia hizi mbili wakatoa matokeo mwaka 2018. Kiungulia kilizidi kwa wagonjwa 32 katika kila 100 waliopunguzwa mfuko, na kwa 6 tu waliopitishiwa njia ya mkato. Nilimuuliza mama. Akasema kiungulia anacho, tena usiku hulala ameegemea mito miwili. Jambo hilo dogo, ambalo hakuna aliyemuuliza, linaweza kubadilisha upasuaji unaomfaa.

Basi maoni yangu ni haya. Tofauti kati ya njia hizi mbili kubwa ipo, na kwa sukari njia ya mkato inatangulia kidogo. Lakini kwa mtu wa Susuni naona tofauti kubwa zaidi ni kati ya mgonjwa anayefuatiliwa na asiyefuatiliwa. Kama hakuna uhakika wa vidonge, sindano na kipimo cha damu kila mwaka, Tarime, Musoma au hata Bugando kule Mwanza, mimi nisingeruhusu utumbo wa mama yangu uguswe. Ng'ombe wawili kati ya wale sita wasiuzwe kwa ajili ya kisu. Wabaki kwa ajili ya miaka inayofuata.

Jambo jingine linaniuma. Matokeo huwa mazuri zaidi kwa mtu ambaye kisukari chake ni kichanga na bado hatumii insulini. Maana yake kila mwaka unaopita bila kupimwa unapunguza nafasi yake. Mama huyu aligunduliwa kwa sababu alizimia shambani. Kabla ya hapo alikwenda mara mbili katika zahanati moja akilalamika kiu na kukojoa mara kwa mara, akaambiwa vijiti vya kupimia sukari vimekwisha. Serikali ya kijiji inao uwezo wa kuuliza juu ya vijiti hivyo katika mkutano. Iulize.

Nilimwandikia kijana wa Dar es Salaam maswali ya kumpelekea daktari. Ni upasuaji wa aina gani, na kwa nini huo? Daktari amewafanyia watu wangapi? Hatari ya kufa ni kiasi gani pale kwake? Mahali penye uzoefu hufa chini ya mtu mmoja katika 100, lakini uzoefu ndio wa kuulizia. Nani atapunguza dawa za sukari, na siku ya ngapi? Vitamini kwa mwaka ni shilingi ngapi? Anajua kwamba mama ana kiungulia na anakoroma?

Kijana alijibu baada ya wiki mbili. Maswali mawili yalikuwa na majibu, manne hayakuwa nayo. Mzee aliisoma barua mara mbili, akaikunja, akaitia mfukoni. Mama amepata karatasi ya rufaa ya kumwona daktari wa kisukari kwanza, na ameacha sukari katika chai ingawa analalamika kila asubuhi. Ng'ombe wote sita bado wako zizini.