Baada ya kikombe cha methadoni, kijana wako analala wapi?

Wazazi wenye kijana anayetumia unga huniuliza swali lilelile: dawa ipo? Jibu ni ndiyo, ipo, na katika vituo vya serikali haiuzwi. Methadoni ilianza kutolewa katika Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2011, kisha ikafika mikoa mingine. Hapa Dodoma inatolewa katika kituo cha Itega, chini ya Hospitali ya Afya ya Akili Mirembe.

Swali ambalo wachache huuliza ni hili: kijana akishakunywa dawa yake asubuhi, anakwenda wapi? Atalala wapi usiku, na atakula kwa kazi gani?

Nauliza kwa sababu majibu yake tunayaona hapa Zuzu. Tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma, mji umetanuka kwa kasi. Viwanja vimepimwa, nyumba zimeanzwa, na nyingine zimesimama kwenye linta zikisubiri fedha. Mapagala hayo ndiyo vyumba vya kulala vya vijana waliofukuzwa nyumbani. Kijana anayelala humo analala na watu anaotumia nao. Hata akinywa methadoni kila siku ya Mungu, jioni anarudi palepale.

Kwanza tuelewane kuhusu dawa yenyewe. Methadoni haimfanyi mtu asahau unga. Inazuia arosto, yaani yale maumivu, kutapika, kuharisha na kukosa usingizi kunakompata mtu akikosa heroini. Dozi moja humtosha karibu siku nzima, kwa hiyo hahitaji kutafuta fedha ya kete kila baada ya saa chache. Kichwa kinatulia. Hilo ni jambo kubwa, na limeokoa maisha ya wengi, limepunguza kuchangia sindano na hivyo maambukizi ya VVU na homa ya ini. Lakini kichwa kilichotulia kinahitaji pa kukaa na cha kufanya. Wahenga walisema figa moja haliinjiki chungu. Tiba ni figa la kwanza, makazi ni la pili, kazi ni la tatu.

Kamba yenye mafundo matatu

Hebu tuangalie mambo yanavyofungana. Methadoni hunywewa kituoni mbele ya mhudumu, kila siku, bila kuruka. Kwa mtu wa Zuzu hiyo ni nauli ya kwenda mjini na kurudi, siku saba kwa wiki. Saidia fundi naye anatakiwa awe saiti alfajiri. Akichelewa, nafasi yake imechukuliwa. Kwa hiyo kijana anachagua kila asubuhi: dawa au kibarua. Akichagua dawa, anakosa fedha. Akichagua kibarua, mchana arosto inamkuta kwenye zege, na mfukoni jioni ana fedha taslimu. Hakuna mtihani mgumu kuliko huo.

Njia ya kufungua kamba hii inajulikana. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 unakubali mgonjwa aliyetulia apewe dozi za kwenda nazo nyumbani. Lakini mgonjwa huyo anatakiwa awe na maisha yaliyotulia na mahali salama pa kuhifadhi dawa. Ni sharti la haki, kwa sababu methadoni ya mtu mzima inaweza kumuua mtoto akiinywa. Huwezi kumpa chupa hiyo mtu anayelala kwenye pagala.

Basi bila nyumba hapati dozi za nyumbani. Bila dozi za nyumbani hashiki kazi. Bila kazi halipi kodi ya chumba. Ukimkuta amerudi kwenye unga baada ya miezi mitano, usiseme methadoni haifanyi kazi. Sema tulimfungulia fundo moja tukaacha mawili.

Wenzetu wamefanya nini

Jambo hili si la kufikirika. Malindi, pwani ya Kenya, Mradi wa Omari ulianza mwaka 1995 kuwasaidia watumiaji wa heroini kwa nguvu za jamii yenyewe. Zanzibar, vijana waliokuwa watumiaji wenyewe walifungua nyumba ya upataji nafuu mwaka 2009, na nyingine zikafuata. Tanzania Bara zipo Bagamoyo, Kigamboni na kwingineko. Mtaani tunaziita soba. Nguvu ya nyumba hizi ni kwamba anayekuamsha asubuhi, anayekufundisha kufua na kukaa kikao, ni mtu aliyepita njia hiyohiyo. Kijana hawezi kumwambia, "Wewe hujui."

Hata Dodoma tuna kumbukumbu yetu. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 nchi yetu ilianzisha vijiji ambako wagonjwa wa akili walipata tiba huku wakilima, na Hombolo ni mojawapo. Waliofikiri hivyo walijua kuwa mgonjwa aliyepata nafuu akirudishwa mtaani bila jembe wala paa atarudi wodini.

Ushahidi wa nje nao upo. Wakati wa vita ya Vietnam, askari wengi wa Marekani walinasa kwenye heroini, na serikali yao iliogopa watakaporudi nyumbani. Mtafiti Lee Robins aliwafuatilia. Kati ya waliokuwa waraibu kule vitani, ni takriban 12 tu kati ya 100 walionasa tena ndani ya miaka mitatu baada ya kurudi. Walikuwa wameondoka mahali palipokuwa na unga, marafiki wa unga na hofu ya kila siku, wakarudi kwenye familia na kazi. Wapo waliohitaji tiba, lakini mabadiliko ya mazingira yalifanya kazi kubwa.

Jijini New York, kuanzia mwaka 1992, shirika moja liliwapa nyumba watu waliokuwa wakilala barabarani, wengi wao wakiwa na ugonjwa wa akili na uraibu, bila kuwataka waache kwanza. Wengi walibaki kwenye nyumba zao. Lakini nyumba peke yake haikutosha kuwaachisha pombe na dawa. Ndiyo maana nasisitiza mafiga matatu kwa pamoja.

"Lakini wamejitakia"

Nayasikia maneno haya kwenye daladala na hata kwenye foleni ya zahanati. Kuna vijana wema waliomaliza chuo hawana kazi, kwa nini tumhangaikie teja? Hoja hii ina uzito, kwa kuwa ajira ni ngumu kwa wote na mzazi wa kijana mwema ana haki ya kuuliza.

Jibu langu ni hili. Uraibu ni ugonjwa unaobadilisha ubongo, na wengi walianza wakiwa na umri ambao hatuwaruhusu hata kupiga kura. Hatumnyimi insulini mwenye kisukari kwa sababu alipenda soda. Pia fikiria hesabu ya mtaa: nyaya zinazoibwa, simu zinazoporwa, kijana anayekufa akiwa na miaka 26 akaacha mtoto kwa bibi. Hizo ni gharama tunazolipa tayari, ila hatuzioni kwenye bajeti. Na simwombei nafasi ya mtu mwingine. Naomba asizuiwe kusimama kwenye foleni na wenzake.

Foleni ipo. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi cha vijana walio kwenye tiba ni kikundi cha vijana. Tatizo ni kwamba kikundi kinahitaji kusajiliwa, wanachama wanahitaji vitambulisho, na mwenyekiti wa mtaa anahitaji kumtambua mkazi. Mtu asiye na chumba hana mtaa. Tumerudi kwenye figa la pili.

Dodoma inahitaji nini

Siombi jengo la ghorofa. Nyumba ya kupanga ya vyumba vinne, wakazi sita hadi wanane, msimamizi aliyepona na muuguzi anayepita mara kwa mara, inatosha kuanza. Moja iwe karibu na Itega, ili wanaoanza dawa wasitumie nauli. Nyingine iwe huku pembezoni, Zuzu au jirani, kwa waliotulia na wanaofanya kazi. Waanzilishi wanaweza kuwa parokia, msikiti, kikundi cha kina mama wa vikoba au vijana waliopona wenyewe. Sheria ya mashirika yasiyo ya kiserikali ya mwaka 2002 inawaruhusu kujisajili. Halmashauri ya Jiji itoe nyumba au kodi ya mwaka wa kwanza.

Ziwepo pia nyumba za wanawake. Soba nyingi ni za wanaume, na msichana anayetumia unga akifukuzwa nyumbani anaangukia mikononi mwa anayempa pa kulala kwa bei yake mwenyewe. Ana uwezekano wa kuwa na mtoto mgongoni. Nyumba isiyopokea mama na mtoto haijamfikiria yeye.

Mafundi na wakandarasi nao wana nafasi. Mruhusu kijana aingie saiti saa tatu siku za kliniki. Mlipe kwa wiki, kupitia simu, kama mwenyewe ataomba. Wengi huogopa noti mkononi katika miezi ya mwanzo.

Mzazi, kabla hujalipa soba

Kwa sasa wazazi wengi wanalipia soba wenyewe kila mwezi, wengine wakiuza mbuzi na shamba la zabibu. Kabla hujatoa fedha, uliza haya.

Je, nyumba imesajiliwa na inajulikana na Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya? Mamlaka hiyo ina namba ya simu 119, hulipi kitu kupiga. Je, mtabibu yupi huwaona wakazi, na wakiugua usiku wanapelekwa wapi? Je, utaruhusiwa kumwona mwanao na kuzungumza naye faragha? Ukisikia habari za minyororo, viboko au kunyimwa chakula, ondoka. Hiyo si tiba. Je, wanakubali mkazi aendelee na methadoni au ARV zake? Anayekuambia aziache zote siku moja anahatarisha maisha yake.

Swali la mwisho ndilo muhimu kuliko yote: akitoka hapa, mna mpango gani? Usipopata jibu, fahamu kwamba siku ya kutoka ndiyo siku ya hatari. Mwili uliokaa miezi bila unga umepoteza uzoefu. Kipimo alichokizoea zamani sasa kinaweza kusimamisha pumzi yake. Vifo vingi hutokea katika wiki za kwanza baada ya kutoka soba au gerezani. Ukimkuta amelala hashtuki, anakoroma kwa shida, midomo imebadilika rangi, mlaze ubavu na mkimbize hospitali. Usimmwagie maji, usimnyweshe maziwa.

Vivyo hivyo kwa dozi. Akikosa methadoni siku tatu mfululizo au zaidi, asinywe kiasi kilekile bila kuangaliwa upya kituoni.

Na neno kuhusu pombe, kwa sababu huku kwetu gongo na wanzuki vinaharibu nyumba nyingi kuliko unga. Pombe haina methadoni. Tena, arosto ya heroini inatesa lakini mara chache inaua. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa miaka, akiachishwa ghafla, anaweza kupata degedege, kuweweseka na kufa. Usimfungie chumbani "mpaka iishe". Mpeleke hospitali aachishwe kwa dawa. Naye baada ya hapo atahitaji mafiga yaleyale: mahali pasipo na kilabu mlango wa pili, na kazi.

Najua pia wapo wazazi walioibiwa mpaka masufuria, na wanaogopa kumrudisha kijana ndani. Sikulaumu. Unaweza kukataa asilale kwako na bado ukabaki mzazi wake: mpe nauli ya Itega mkononi mwa dada yake, mtengenezee kitambulisho chake, mpeleke ukamtambulishe kwa mwenyekiti wa mtaa, mtafutie fundi anayemjua baba yake. Kila kimoja kati ya hivyo kinapunguza umbali wa kurudi kwake.

Kwa viongozi wa Jiji ombi langu ni fupi zaidi. Serikali inagharamia methadoni kila siku. Tusiiache gharama hiyo ipotee kila jioni kwa kukosa kitanda.